Mtoto Wangu Anasoma Nini Hasa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kujifunza kwa Udadisi Katika Shule ya Msingi ya Kimataifa Kampala

Kila Agosti, mwaka mpya wa masomo unapoanza, wazazi hunisimamisha langoni na maswali yaleyale, na wengi huniuliza kwa Kiswahili. Wapo Wakenya na Watanzania waliohamishiwa Kampala kikazi, Wakongo wa Goma na Bukavu, Waganda waliokulia Nairobi, na familia za Wanubi wa Bombo. Nimefundisha miaka sita katika shule za mtaala wa taifa na miaka tisa katika shule ya kimataifa, yote hapa Uganda, kwa hiyo najua hofu inayojificha nyuma ya kila swali. Nimeyajibu hapa kwa lugha ileile tunayoongea pale langoni.

Kujifunza kwa udadisi ni nini?

Ni kumfundisha mtoto kwa kuanzia kwenye swali, kisha kumsaidia alifuate swali hilo mpaka apate jibu lenye ushahidi: amepima, amehesabu, amesoma, amewauliza wanaojua, ameandika alichokipata.

Mimi nilisomeshwa kwa njia nyingine. Mwalimu aliandika ubaoni "Sehemu za ua", akachora ua, tukanakili, kesho yake tukaulizwa. Sasa nawaletea watoto maua waliyoyaokota uani, pamoja na ua moja kubwa la mgomba, lile jekundu la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Wanayafungua kwa vidole, wanachora wanachokiona, na haipiti dakika tano kabla ya mtoto kuuliza mbona ua la mgomba lina vidizi vidogo ndani yake. Majina ya sehemu yanakuja baada ya hapo. Yanakaa kichwani kwa sababu mtoto alikuwa ameshaona kitu ambacho hana jina lake.

Je, shule zote za kimataifa Uganda zinafundisha hivi?

Hapana. Nyingine zinafuata mtaala wa Uingereza, nyingine wa Marekani, na zipo zinazofuata Programu ya Miaka ya Msingi ya IB (International Baccalaureate), ambayo wengi tunaiita PYP, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Primary Years Programme. IB ilianzishwa Geneva mwaka 1968 kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. PYP ilikuja mwaka 1997 na inawahusu watoto wa miaka 3 hadi 12. Majibu yangu mengi yanahusu PYP kwa kuwa hiyo imejengwa yote juu ya udadisi. Neno "kimataifa" kwenye kibao cha shule halikuambii lolote kuhusu ufundishaji. Ingia darasani uone.

Kwa hiyo watoto ndio wanaojipangia cha kusoma?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu ni hapana.

PYP ina mada sita kubwa: sisi ni nani, tulipo katika mahali na wakati, jinsi tunavyojieleza, jinsi ulimwengu unavyofanya kazi, jinsi tunavyojipanga, na kuishi pamoja katika sayari hii. Watoto wa shule ya msingi wanazipitia zote sita kila mwaka, kila moja kwa wiki kama sita. Walimu wanakaa pamoja kabla ya muhula na kuamua wazo kuu la kila mada, maarifa ambayo lazima yafikiwe, na stadi zitakazofanyiwa mazoezi. Maswali ya watoto yanaingia ndani ya mpango huo na kuusukuma upande huu au ule.

Udadisi usio na maandalizi ni fujo, nami nililijua hilo kwa kukosea. Mwaka wangu wa kwanza niliwapeleka watoto sokoni kuchunguza jinsi chakula kinavyofika mjini. Niliamini soko lenyewe litawafundisha. Walirudi na furaha, ndizi za bure na daftari tupu. Mwaka uliofuata tulianza maandalizi wiki mbili kabla. Kila watoto wawili walibeba swali moja na jedwali la kujaza. Walifanya mazoezi ya kumwamkia muuzaji kwa Kiluganda, kumwita *nnyabo* au *ssebo*, kusubiri amalize kumhudumia mteja, na kushukuru. Walirudi wakijua matoke yale yalitoka Mbarara, viazi vilitoka Kabale, na gari moja lilikuwa limesafiri usiku kucha. Ramani tuliyoichora baada ya hapo ilijaa ukuta mzima.

Kwa hiyo mwalimu wa udadisi hana kazi ndogo. Ana kazi kubwa, ila sehemu yake nyingi inafanyika kabla mtoto hajaingia darasani.

Tupe mfano wa darasa halisi.

Novemba mvua zikishika, usiku wa Kampala hubadilika. Juu ya majengo na kando ya barabara ya kwenda Masaka huwashwa taa kali nyeupe, na chini yake husimamishwa mabati yanayoishia ndani ya mapipa. Hiyo ni mitego ya senene, panzi wanaoliwa. Wadudu wanafuata mwanga, wanagonga bati, wanateleza na kuingia pipani.

Asubuhi moja watoto wa Mwaka wa Nne, wa miaka minane na tisa, waliingia wakibishana. Mmoja alisema senene wananyesha pamoja na mvua. Mwingine alisema bibi yake amemwambia wanatoka mwezini. Wa tatu alisema wanaishi kwenye taa. Tulikuwa kwenye mada ya kuishi pamoja katika sayari, na somo nililoliandaa siku hiyo lilikuwa jingine kabisa. Nikaliweka kando. Niliandika ubishi wao ukutani neno kwa neno, kila usemi na jina la aliyeusema.

Kesho yake nilinunua senene kabla hawajanyofolewa mbawa. Kila kundi likapewa senene mia moja kwenye sinia na kazi moja: wahesabu rangi. Nilidhani itachukua robo saa. Kundi moja likaleta jedwali la kijani, kahawia na zambarau, na jumla ikazidi mia. Wakahesabu upya, ikazidi tena. Wakaanza kulaumiana. Ndipo msichana mmoja mkimya akamshika senene kwa vidole viwili, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mwili wa kijani, na ubavuni mchirizi mwembamba wa zambarau. Akasema, "Huyu tumemhesabu mara mbili."

Basi ikabidi waamue: huyu ni wa kijani au wa zambarau? Mjadala ulichukua dakika ishirini, nami sikuongea. Mwishowe walitunga sheria yao: inayohesabiwa ni rangi ya mwili, mchirizi unapewa safu yake peke yake. Waliiandika juu ya jedwali na kutia sahihi wote wanne. Asilimia na grafu tulizifanya siku iliyofuata, na hakuna aliyeniuliza zina faida gani.

Kuna mvulana aliyekataa hata kusogelea sinia. Yeye ni wa ukoo wa Nsenene, na kwa Baganda senene ni *muziro* wa ukoo huo, mwiko wao, hawamli. Alisimama akaeleza, darasa likamsikiliza. Mama mmoja wa Bukoba akaja na kikaangio chake kuonyesha wanavyowaandaa kwao. Na msichana kutoka Uholanzi, ambaye wiki nzima alikuwa akiwaonea kinyaa, akauliza swali lililotubeba mpaka mwisho wa mada: kama kila usiku wananaswa mapipa kwa mapipa, mwakani watatoka wapi?

Tulimwalika mtegaji wa senene. Watoto walimwandikia barua ya mwaliko, wakaipitia mara tatu kurekebisha tahajia. Alituambia misimu ya siku hizi si kama ya ujana wake. Watoto wakamuuliza mbona basi bado anatega, naye akawajibu kwa heshima: karo ya wanawe. Hapo walijifunza jambo ambalo mimi nisingeweza kuwafundisha kwa chaki.

Swali la wanakotoka senene halikupata jibu kamili. Tuliliacha ukutani na alama yake ya kuuliza.

Je, jedwali la kuzidisha, kusoma na hati vinafundishwa?

Vinafundishwa, kila siku, moja kwa moja, na kwa kurudiarudia. Mtoto asiyejua saba mara nane atakwama katikati ya uchunguzi mzuri kuliko wote, na asiyejua kusoma hawezi kudadisi kitu chochote kilichoandikwa. Darasani kwangu siku inaanza na hesabu za kichwa. Watoto wadogo wanafundishwa sauti za herufi kwa utaratibu, herufi kwa herufi. Hakuna udadisi wa kugundua kwamba "ng'" si "ng". Mwalimu anamwambia, wanafanya mazoezi, basi.

Nasema wazi kwamba zipo shule zilizolegea hapa kwa jina la uhuru wa mtoto, na wazazi wana haki ya kuwa na wasiwasi. Ukitembelea shule, omba kuona daftari la hesabu. Usikubali la mwanafunzi bora peke yake. Omba la mtoto wa kawaida, lifungue katikati, uangalie kama kazi imesahihishwa na kama mtoto alirudia alipokosea.

Mbona ripoti haisemi mtoto amekuwa wa ngapi?

Najua uzito wa swali hili. Hapa kwetu mtoto akifika nyumbani na ripoti, jirani, mjomba na dereva wa bodaboda wote wanauliza: umekuwa wa ngapi?

Shule za PYP kwa kawaida hazipangi watoto kwa nafasi. Ripoti inaeleza anachoweza kufanya, anachokijaribu, na hatua inayofuata. Kila mtoto ana jalada la kazi zake tangu mwanzo wa mwaka. Linganisha insha ya Septemba na ya Mei, utaona zaidi ya namba yoyote. Tunapima mara kwa mara kwa majaribio mafupi, kwa kumsikiliza akisoma, kwa kuangalia jinsi anavyotafuta njia kwenye fumbo la hesabu.

Lakini mzazi asipewe maneno matamu tu. Ukiambiwa "anaendelea vizuri", uliza hivi: anasoma kitabu cha kiwango gani, na wenzake wa umri wake wanasoma cha kiwango gani? Ni hesabu gani bado zinamshinda? Mwalimu anayemjua mwanao atakujibu papo hapo.

Mtoto atafanya PLE? Na tukitaka kumrudisha kwenye mtaala wa taifa?

Shule ya PYP haimwandai mtoto kwa PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Mtihani huo wa UNEB, yaani Baraza la Mitihani la Uganda, hufanywa mwisho wa P7, darasa la saba, katika masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi, na Maarifa ya Jamii pamoja na elimu ya dini. Alama zinajumlishwa kuanzia 4, ambayo ndiyo bora kabisa, hadi 36. Sekondari za taifa zinachagua wanafunzi kwa jumla hiyo.

Kama nia yenu ni mtoto aingie Senior One, kidato cha kwanza, ya shule ya taifa, amueni mapema, wala msingoje mwaka wa mwisho. Watoto wanaohama vizuri niliowaona walihama P4 au P5, wakapata miaka miwili mitatu ya kuzoea mwendo. Anayehama P6 anakuta wenzake wameshaanza kufanya karatasi za mitihani iliyopita kila Jumamosi. Na mwenye cheti cha nje anayetaka kuingia mfumo wa taifa huhitaji UNEB ikilinganishe, jambo linalotaka muda na karatasi. Wakenya nao wakumbuke kwamba kwao KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na sasa kuna tathmini ya KPSEA mwishoni mwa darasa la sita. Ukirudi Nairobi hutakuta ulichokiacha.

Kwa wanaoendelea ndani ya shule za kimataifa hakuna tatizo. Mtoto anaingia sekondari ya IB au ya Cambridge bila PLE.

Mtoto wetu ametoka shule ya taifa. Atazoea?

Atazoea, ila mpeni muda, na sisi walimu tujipe muda pia.

Nilimpokea mvulana wa miaka kumi kutoka shule nzuri sana ya mtaala wa taifa. Siku ya kwanza nilimpa karatasi nyeupe na chombo cha maji yenye udongo, nikawaambia watoto watafute njia ya kuyasafisha. Wenzake walivamia mchanga, pamba na chupa. Yeye alitoa rula, akachora pambizo upande wa kushoto kwa kalamu nyekundu, akaandika tarehe, akapigia mstari, akakaa. Nilipomfikia aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tunanakili wapi?"

Lile pambizo lilikuwa limenyooka kama uzi. Hati yake ilikuwa bora kuliko ya mtoto yeyote darasani, na hesabu zake pia. Sikutaka ayapoteze hayo. Nilimpa kazi ya kuwa mwandishi wa kundi: kila wanachojaribu, yeye anakiandika kwa mpangilio. Baada ya wiki chache akaanza kuandika pembeni ya pambizo lake, kwa herufi ndogo sana, "Sikubaliani." Muhula wa pili alikuwa anasema kwa sauti.

Watoto hawa hawaji watupu, wala hawahitaji kuokolewa. Wanakuja na nidhamu ya kazi ambayo darasa zima linaihitaji.

Mwanangu amekuwa mtu wa kubishana nyumbani. Mnamfundisha utovu wa adabu?

Baba mmoja aliniambia, "Mwalimu, nilimwambia akalale, akaniuliza nina ushahidi gani kwamba amechoka." Nililichukua kwa uzito, kwa sababu alikuwa amekwazika kweli.

Kwetu kuna wakati wa kuuliza na kuna namna ya kuuliza. Mtoto wa Kiganda hupiga magoti kumsalimia mkubwa, mtoto wa pwani hutoa shikamoo, na hakuna hata kimoja kinachozuia swali. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kuuliza ni ukorofi. Kazi yetu shuleni ni kumfundisha mtoto atofautishe swali la kutaka kujua na swali la kukwepa amri. Tunalifanyia mazoezi waziwazi: "Samahani baba, naomba kujua kwa nini" na kunyamaza asikie jibu. Nyumbani nanyi mna haki ya kusema, "Swali zuri, nitakujibu kesho asubuhi, sasa kalale."

Ila naomba jambo moja. Mtoto asichapwe kwa sababu ya kuuliza. Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imepiga marufuku adhabu ya viboko katika shule za Uganda, na nililiona darasa langu la zamani likibadilika fimbo ilipoondoka. Mikono iliyokuwa haiinuki ikainuka. Walikuwa wanajua majibu siku zote. Waliogopa kukosea tu.

Kiswahili kina nafasi gani?

PYP inataka kila mtoto apate kujifunza lugha zaidi ya moja angalau kuanzia miaka saba. Shule inachagua lugha ipi. Nyingi Kampala huchagua Kifaransa kwanza, nami sifichi kwamba linaniuma.

Kiswahili kina historia nzito hapa. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na watu waliokisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa wanajeshi, hawakukisahau. Mpaka leo utakutana na bibi ambaye ukimsemesha Kiswahili moyo wake unaruka. Katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Mambo yanakwenda polepole, lakini watoto hawana hofu ya wakubwa wao. Wanakisikia kwa madereva wa malori ya Mombasa, kwenye nyimbo za Dar es Salaam, kwa askari wa getini.

Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, shule zetu ziko likizo. Kwa hiyo sisi tunaiadhimisha mwezi Mei. Mwaka mmoja watoto walichunguza maneno ya Kiswahili yaliyomo ndani ya Kiluganda. Walianza na *emmeeza* na *essaati*, wakafika mbali kuliko nilivyotarajia, na mzee mmoja wa Bombo akaja kuwaimbia kwa Kinubi.

Kwa familia zinazoongea Kiswahili nyumbani: endeleeni. Msihamie Kiingereza kibovu kwa kudhani mnamsaidia mtoto. Mtoto anayeweza kueleza kwa Kiswahili safi kwa nini barafu imeyeyuka, Kiingereza cha jambo hilo atakipata darasani ndani ya wiki. Asiyeweza kulieleza kwa lugha yoyote ndiye anayenipa shida.

Kazi za nyumbani ni nyingi?

Chache. Kusoma kila jioni, hesabu kidogo, na mara nyingine swali la kumuuliza mtu wa nyumbani. Rundo lile la karatasi za likizo mlilolizoea hamtalipata.

Mtoto mkimya, au anayejifunza polepole, si atapotea?

Anaweza kupotea, kama mwalimu anawasikiliza wenye sauti kubwa tu. Uliza shule ina mwalimu wa msaada wa kujifunza, na watoto wangapi wako darasani. Yule msichana wa senene ni mtoto mkimya. Alihitaji kitu cha kushika mkononi, na muda.

Maonyesho ya mwaka wa mwisho ni nini?

Ni kazi kubwa ya kufunga shule ya msingi. Watoto wanachagua tatizo linalowagusa, wanalichunguza kwa wiki kadhaa wakiwa na mlezi mmoja mtu mzima kwa kila kundi, wanachukua hatua fulani, kisha wanasimama mbele ya wazazi na kueleza.

Kundi moja lilifuata mtaro wa Nakivubo, unaobeba maji ya mji kuyapeleka Ziwa Viktoria kwenye ghuba ya Murchison, huku maji mengi ya kunywa ya Kampala yakivutwa Ggaba, kwenye ghuba hiyohiyo. Walipoyaweka mambo hayo mawili kwenye ramani moja walikaa kimya. Mmoja akaenda jikoni kuangalia bomba. Walijifunza kazi ya mafunjo ya vinamasi katika kuchuja maji, wakapima uchafu wa maji kwa chupa za plastiki na diski nyeupe iliyotengenezwa kwa kifuniko cha ndoo, na wakaenda shule ya jirani kueleza walichokiona. Wazazi wanapofika siku hiyo nawaomba wasiulize "Umepata ngapi?" Waulize, "Ulikuwa unaamini nini mwanzoni, na sasa?"

Ada ni kubwa. Je, elimu hii ni ya matajiri tu?

Ada ni kubwa kweli, na shule nyingi zinaitoza kwa dola. Ulizeni mapema kuhusu gharama za basi, safari na chakula, kwa sababu mara nyingi haziko ndani ya ada.

Lakini udadisi wenyewe hauuzwi. Mtaala wa taifa wa P1 hadi P3, ulioanza kutumika mwaka 2007, umepangwa kwa mada na unafundishwa kwa lugha ya eneo pale inapowezekana, na nia yake haiko mbali na tunachokifanya sisi. Kinachowakwamisha walimu wenzangu wa shule za serikali ni darasa lenye watoto themanini na boksi moja la chaki. Hata hivyo nimeona mwalimu mmoja akiwafundisha watoto wote hao kupima vivuli kwa vijiti uwanjani, kila saa, kuanzia asubuhi mpaka kengele ya mwisho. Hakutumia hata shilingi.

Mimi mzazi sijui majibu ya maswali yake. Nifanyeje?

Mwambie hujui, kisha muangalie pamoja.

Mama mmoja alikuwa kwenye foleni ya magari na binti yake wa miaka saba. Juu ya taa za barabarani walisimama kaloli, wale korongo wakubwa wenye upara wanaookota taka za Kampala. Mtoto akauliza, "Mama, mbona miguu yao ni myeupe?" Mama hakujua. Alitaka kusema ndivyo Mungu alivyowaumba, akajizuia. Jumamosi wakakaa kwenye baraza ya nyumbani inayotazama mti wenye kiota, na daftari, kuanzia saa nne asubuhi. Jua lilipokuwa kali mtoto akaona, akapiga kelele mpaka baba akatoka ndani: kaloli alikuwa anajinyea miguuni, kwa makusudi, mara mbili, mara tatu, na kile kinyesi kikakauka cheupe. Ngozi ya chini ilikuwa nyeusi. Jumatatu alikuja darasani na daftari, saa zimeandikwa pembeni, na chini kabisa swali jipya: "Anafanya hivyo siku za mvua pia?"

Mvua ilinyesha Alhamisi. Mama aliomba ruhusa ya kuchelewa kazini.